Je, Wajua? Mpigaji Fidla Aliye Pia Prodyuza

Safari hii safu yetu imepiga kambi Samburu. Si ile kaunti ya kaskazini, bali Samburu ya Kwale, kule Kinango kwa Waduruma, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Kijana wa hapa akisema anataka kuishi kwa fidla, swali la kwanza nyumbani huwa: utakula nini? Ni swali la haki, nalo lina jibu. Fidla imeishi pwani yetu zaidi ya karne moja, na anayeipiga akajua pia kurekodi ana mlango wa pili wa riziki. Soma, kisha umsomee mwenzio.

CHOMBO CHENYEWE

• Je, wajua kuwa fidla ina nyuzi nne tu? Hulinganishwa Sol, Re, La na Mi. Uzi wa La hutetema mara 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa mjini London mwaka 1939.

• Shingo ya fidla haina vituo kama vya gitaa. Kidole hutua popote mpigaji apendapo, kwa hiyo anazipata hata zile sauti za katikati ambazo piano haina. Hizo ndizo zinazozipa maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ladha yake, na ndiyo maana fidla iliingia kwenye taarab bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu.

• Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu huzilegeza nyuzi mbili za juu ili fidla isome Sol, Re, Sol, Re. Aliyelelewa na Bach na aliyelelewa na nyimbo za Umm Kulthum wanaweza kuazimana chombo kimoja, lakini kila mmoja atakilinganisha upya kabla ya kukipiga.

• Upinde hufungwa manyoya ya mkia wa farasi, kama 150 hadi 200. Manyoya hayo peke yake hayatoi sauti: lazima yapakwe ulimbo mkavu wa msonobari ili yaukamate uzi.

• Mbao za fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, na kwa makusudi, ili fundi aweze kuifungua na kuitengeneza bila kuvunja kitu. Gundi hiyo huogopa joto na unyevu. Fidla hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60, basi fikiria inayotoka Samburu penye ukame asubuhi ikapigwe jioni hotelini Diani, hatua chache kutoka baharini. Usiiache kwenye buti la gari juani, weka vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya kasha, na ulegeze upinde kila unapomaliza kupiga.

• Wengi hudhani ubao mweusi wa shingo ya fidla ni mpingo wetu. Mpingo sifa yake kubwa iko kwenye klarineti na obo. Ubao wa vidole wa fidla kwa kawaida hutoka kwenye mti mwingine mweusi wa misitu ya Afrika ya Kati.

• Kuna fidla za watoto, hadi ya saizi ya 1/16. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kungoja akue. Wengi huhamia fidla kamili wakiwa na miaka 11 au 12.

• Sikio la kushoto la mpigaji fidla liko hatarini kuliko la kulia, kwa kuwa chombo hulia chini yake saa nyingi kila siku. Kwa mtu anayetaka pia kuwa prodyuza, masikio ndiyo mtaji. Vizibo maalumu vya masikio si anasa kwake.

ILIVYOFIKA KWETU

• Je, wajua kuwa masimulizi ya Zanzibar huanzisha habari za taarab kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888? Inasimuliwa kuwa alileta wapigaji kutoka Misri na kumtuma Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, mjini Cairo.

• Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, kiliundwa mwaka 1905. Mwaka 2005 kilitimiza karne moja kikiwa bado kinapiga. Okestra nyingi mashuhuri duniani hazijafika umri huo.

• Cairo ya mwanzo wa karne iliyopita ilikuwa na mpigaji fidla aliyeitwa Amiri wa Fidla: Sami al-Shawa. Alirekodi sahani nyingi za santuri, na mwaka 1932 alishiriki katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu mjini humo, ambako Béla Bartók kutoka Hungaria alikuwa miongoni mwa wageni. Piano ilizua mjadala mkali pale kwa sababu haiwezi kupiga sauti za katikati. Fidla haikuwa na tatizo hilo.

• Kabla ya fidla kufika, pwani haikuwa kimya. Wadigo wana filimbi yao, chivoti, na wana nzumari inayoongoza ngoma ya sengenya. Kayamba ni la Mijikenda wote. Kijana wa Kwale anayeshika fidla leo anatoka kwenye jamii iliyokwisha kuzoea ala moja kuongoza na nyingine kuitikia.

• Afrika Mashariki ina ala zake za upinde pia. Wajaluo wana orutu ya uzi mmoja, na Wagogo wa Tanzania wana zeze. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha sauti ya zeze na marimba ya Wagogo kwenye studio za Real World kule Uingereza.

• Mwaka 1803 mjini Vienna, Beethoven alipiga kwa mara ya kwanza sonata yake ya tisa ya fidla na piano. Aliyeshika fidla alikuwa George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi. Asikuambie mtu kwamba chombo hiki hakijawahi kuwa chetu.

• Culture Musical Club ya Zanzibar ilianza mwaka 1958. Vikundi vikubwa vya Unguja vilifuata mtindo wa okestra za filamu za Misri, fidla zikiwa safu nzima pamoja na selo na besi. Mombasa ilishika njia nyingine: vikundi vidogo vya harusini, vyenye udi, kinanda na taishokoto, ala ya vitufe yenye asili ya Japani. Katika kikundi kidogo namna hiyo, mpigaji fidla hana safu ya kujificha ndani yake, na sauti yake husikika waziwazi.

• Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilifunguliwa Zanzibar mwaka 2002. Miongoni mwa waliofundisha hapo ni Mohamed Issa Matona, mpigaji fidla na udi, mtoto wa mwimbaji wa taarab. Rahma Ameir ni mpigaji fidla aliyepitia chuo hicho na kuingia Siti and the Band, bendi iliyotoa albamu ya Fusing the Roots mwaka 2018. Mpigaji fidla mwanamke si ajabu tena pwani.

• Nairobi ina Conservatoire ya muziki tangu 1944, na mashindano ya Kenya Music Festival yalianza mwaka 1927. Mwaka 2008 mradi wa Ghetto Classics ulianza Korogocho, ukawapa watoto wa mtaa huo fidla, selo na tarumbeta za okestra.

• Kinshasa ina okestra kamili, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani wa zamani. Mwanzoni fidla zilikuwa chache na wapigaji walizipokezana. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulishika nafasi yake.

• Upande wa pili wa bahari, Sultani Qaboos wa Oman aliunda okestra ya kifalme mwaka 1985, yenye wapigaji Waomani waliofundishwa kuanzia sifuri. Nayo imeishi mpaka leo.

SAHANI, KANDA NA WALIOZISHIKA

• Je, wajua kuwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi na kampuni ya HMV? Alikwenda na wapigaji wake. Kufikia mwaka 1931 sahani zake zilizouzwa zilikuwa zaidi ya 70,000.

• Upande mmoja wa sahani ya santuri ya siku zile ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo wa taarab uliokuwa ukipigwa nusu saa barazani ulilazimika kukatwa. Bashraf, yaani utangulizi wa ala, ikafupishwa, beti zikachujwa. Mashine ilianza kuamua muziki uweje, na mpaka leo anayejua mashine ndiye mwenye kauli ya mwisho studioni.

• Kabla ya maikrofoni za umeme kuenea kuanzia mwaka 1925, wapigaji walipiga mbele ya pembe kubwa ya bati, na fidla haikusikika vizuri. Augustus Stroh wa London akapata hataza mwaka 1899 ya fidla isiyo na tumbo la mbao: ilikuwa na tarumbeta ya chuma iliyoelekeza sauti moja kwa moja kwenye pembe ya kurekodia.

• Mwaka 1932 mvulana wa miaka 16, Yehudi Menuhin, alirekodi konsato ya fidla ya Edward Elgar katika studio za Abbey Road, mtunzi mwenyewe akiongoza okestra. Studio hizo zilikuwa hazijatimiza hata mwaka mmoja. Rekodi hiyo bado inasikilizwa.

• Mombasa ilikuwa na watayarishaji wake. Duka la Assanand & Sons lilitoa sahani za lebo ya Mzuri, na baadaye Mbwana Radio Service ikasambaza kanda za taarab pwani nzima. Waimbaji kama Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma na Juma Bhalo waliingia majumbani kupitia sahani na kanda.

• Kanda ndogo ilibuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ilipofika pwani, harusi ikawa studio. Aliyekaa karibu na spika alirekodi, na kanda ikanakiliwa tena na tena. Muziki ulisambaa mbali sana, ila wapigaji wengi hawakuona malipo ya nakala hizo.

• Ukivuka Lunga Lunga unaingia mkoa wa Tanga, nyumbani kwa Black Star Musical Club, waliotia magitaa ya umeme kwenye taarab. Nyimbo zao na za wenzao wa Mombasa zimekusanywa upya katika juzuu ya 10 ya mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa. Kazi ya wazee wetu inauzwa upya kwa sababu kuna mtu aliyezitunza kanda.

• Mwaka 1988 Ben Mandelson wa lebo ya GlobeStyle, mwanamuziki apigaye ala kadhaa za nyuzi, alikuja Zanzibar na wenzake kurekodi taarab. Albamu ya Zein Musical Party, Mtindo wa Mombasa, ilitolewa na lebo hiyo mwaka 1990. Prodyuza aliye mpigaji husikia mambo ambayo fundi mitambo mtupu huyapita.

• Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wimbo wa Kipsigis uitwao Chemirocha mwaka 1950. Rekodi ilihifadhiwa Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 ikapita kabla haijarudishwa kwa watu wa kijiji waliouimba. Ketebul Music, iliyoanzishwa Nairobi na Tabu Osusa mwaka 2007, ilikuwa miongoni mwa walioshughulikia marejesho hayo.

MPIGAJI ANAPOKAA UPANDE WA PILI WA KIOO

• Je, wajua kazi ya prodyuza wa muziki wa klasiki? Hukaa na karatasi ya nota mbele yake, akisikiliza kila mzunguko na kutia alama: hapa sauti imeshuka, hapa upinde umekwaruza, hapa pamekaa sawa. Mwishoni yeye ndiye huamua vipande vipi viunganishwe. Asiyesoma nota hawezi kazi hii, ndiyo maana wengi wao walianza kama wapigaji.

• Lara St. John, mpigaji fidla wa Kanada, alianzisha lebo yake Ancalagon mwaka 1999 ili asisubiri ruhusa ya kampuni. Jordi Savall wa Hispania, mpigaji wa viola da gamba, alikuwa amefanya hivyo mwaka mmoja kabla kwa lebo ya Alia Vox. Manfred Eicher alikuwa mpigaji besi kabla ya kuanzisha ECM mwaka 1969.

• Pwani tuna mfano wetu. Them Mushrooms, bendi iliyoanza Mombasa mwaka 1972 na kutoa Jambo Bwana mwaka 1982, ilijijengea studio yake yenyewe. Walikuwa wamewapigia watalii hotelini miaka mingi, wakajua kwamba mshahara wa usiku mmoja huisha asubuhi, na rekodi hubaki.

• Sauti ya dijitali ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Hata kompyuta ya kawaida na kikasha cha kuunganishia maiki vinatosha kwa kazi hiyo. Kilichokuwa kinahitaji safari ya Bombay mwaka 1928 sasa kinaingia kwenye mkoba wa shule.

• Sauti kali za fidla hupanda juu, sauti nzito huenda pande zote. Ukiweka maiki karibu na uso wa chombo utapata mkwaruzo. Iinue mita moja au zaidi juu ya kichwa, ielekee chini, kisha uisogeze kidogokidogo mpaka uridhike.

• Adui wa kurekodi Samburu ni malori ya barabara kuu, treni ya SGR iliyoanza mwaka 2017, na bati likipigwa na mvua. Adui wa Diani ni feni na upepo wa bahari. Rekodi usiku malori yakipungua, zima feni, na utundike magodoro na mablanketi ukutani yanyonye mwangwi.

• Mpigaji mmoja anaweza kurekodi sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, moja juu ya nyingine, akasikika kama safu ya Culture Musical Club. Siri ni kubadilisha: sogea mahali pengine kila mzunguko, au azima fidla nyingine. Ukirudia palepale kwa chombo kilekile, sikio litagundua kuwa ni mtu mmoja.

HAKI NA RIZIKI

• Je, wajua kuwa wimbo mmoja uliorekodiwa unabeba haki tatu kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001? Kuna ya mtunzi, ya mpigaji, na ya mwenye rekodi. Pia paliundwa vyama vya kukusanya malipo ya haki hizo: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa wasanii watumbuizaji na KAMP kwa watayarishaji. Anayetunga, akapiga na kugharimia rekodi mwenyewe ana madai katika zote tatu.

• Rekodi inapotangazwa redioni, sheria inataka mpigaji na mwenye rekodi wote walipwe. Mpigaji aliyepokea ujira wa siku moja studioni asitie saini karatasi inayosema ameachia kila kitu, kabla hajaisoma.

• Hakimiliki ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo sahani ya taarab ya mwaka 1965 inaweza kuwa huru kama rekodi, huku utunzi wake ukiwa bado ni mali ya warithi. Ukitaka kuutumia, watafute kwanza.

• Kila rekodi inaweza kupewa namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Bila namba hiyo, wimbo ukipigwa mtandaoni ni vigumu fedha kumpata mwenyewe.

• Mpigaji fidla wa pwani anaweza kuunganisha kazi tano kwa mwezi mmoja: harusi, hoteli, kanisa, kufundisha watoto, na kurekodi nyuzi za wasanii wengine. Ya mwisho haimlazimishi kuondoka Kinango. Msanii wa Nairobi hutuma wimbo, yeye hurekodi fidla chumbani kwake na kuirudisha kwa intaneti.

• Mitihani ya ABRSM, bodi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1889, ina ngazi nane na hufanyika Kenya pia. Anayetaka kufanya ya vitendo ya ngazi ya sita kwa kawaida hutakiwa kwanza apite nadharia ya ngazi ya tano, au mtihani mbadala unaokubaliwa na bodi. Kijana anayelenga chuo kikuu aanze nadharia mapema, isije ikamzuia njiani.

• La mwisho, na ndilo kubwa. Lebo za sahani nyingi za zamani ziliandika jina la mwimbaji na kikundi tu, na wapigaji fidla wengi waliozipamba nyimbo hizo hawatajwi popote. Mkosi huo tunaweza kuukomesha sisi, bila gharama yoyote. Ukirekodi hata kwa simu, andika majina ya wote waliopiga, ala zao, mahali na tarehe, kisha mkubaliane kwa maandishi nani ana sehemu gani kabla ya kuachana. Kijana wa Samburu akiwa na fidla, maiki na karatasi hiyo, wazazi wake wameshajibiwa swali lao.